Kikomo cha Mkopo Si Akiba

Mliokuja leo kutafuta maelezo ya hifadhidata mtanisamehe, maana leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa fani yangu, yaani sisi waunda programu. Tumeijaza rununu ya Mkenya vitu vinavyojiita visaidizi vya pesa. Kuna vya kupanga bajeti, kuna vya kukopesha, kuna vya kukukumbusha kulipa. Vingi vyavyo vina kasoro moja: vimetengenezewa mtu ambaye mwezi wake ujao utafanana na mwezi huu.

Mtu huyo ni nani? Mimi simjui. Ninaowajua ni yule aliyeitwa ofisini Ijumaa jioni akaambiwa kampuni inapunguza watu. Ni mama aliyefiwa na mume, na siku ya tatu mwenye nyumba akabisha mlango. Ni kijana wa mikataba ambaye mteja wake amenyamaza miezi miwili. Ni wazazi waliotarajia mtoto mmoja wakapewa mapacha. (Mabadiliko ya ghafla si lazima yawe mabaya, lakini yote hula pesa.)

Na kuna mabadiliko yanayotupata sote kwa pamoja. Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikaanza. Siku 14 tu. Mhudumu wa hoteli kule Diani, makanga wa matatu, mwalimu wa shule ya kibinafsi, wote waliingia Machi wakiwa na bajeti na kuingia Aprili wakiwa na karatasi.

Hata mwenye ajira ya kudumu hakusazwa. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yalianza 2023. Oktoba 2024 SHIF ikachukua nafasi ya NHIF kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Aliyekuwa akipata shilingi 100,000 alikuwa akilipa NHIF 1,700. Sasa SHIF ni 2,750, ongeza 1,500 za nyumba. Hizo ni shilingi 2,550 zilizotoka mfukoni mwake bila yeye kubadilisha chochote katika maisha yake. Programu ya bajeti ilimwambia nini? Ilimwonyesha rangi nyekundu na kumwambia "umepita bajeti". Ahsante sana.

Asilimia tulizoiga bila kuuliza

Karibu kila programu ya bajeti ina ile kanuni ya 50/30/20: nusu ya pesa kwa mahitaji, asilimia 30 kwa matakwa, asilimia 20 kwa akiba na madeni. Wengi wetu tumeiandika kwenye msimbo kama amri iliyoshuka kutoka mlimani. Wachache wanajua ilikotoka. Ilienezwa na kitabu cha 2005 cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi, All Your Worth. Huyu Warren, kabla hajawa seneta wa Marekani, alikuwa profesa wa sheria aliyetumia miaka mingi kuchunguza familia zilizofilisika. Miaka miwili kabla ya hapo wawili hao walikuwa wametoa kitabu kingine, The Two-Income Trap, na hoja yake ndiyo inayonihusu leo. Walisema familia nyingi za tabaka la kati hazikufilisika kwa sababu ya viatu na mikahawa. Zilifilisika kwa sababu mtu alipoteza kazi, au aliugua, au ndoa ilivunjika, wakati mishahara yote miwili tayari imefungwa kwenye gharama zisizopunguzika, ya kwanza ikiwa nyumba.

Umeona tulichofanya? Mtaalamu wa kuanguka kwa familia anakuambia uache nafasi ya kupumua ili siku ukisukumwa usianguke. Sisi tumechukua asilimia tatu, tukazipaka rangi kwenye duara, na sababu yake tukaiacha vitabuni. Tena Marekani aliyeachishwa kazi anaweza kupata malipo ya bima ya ukosefu wa kazi kwa muda. Hapa kwetu malipo hayo hayapo. Bima ya Mkenya ni shangazi, kaka, chama na kikundi cha WhatsApp.

Hapo kwenye shangazi na kaka ndipo ugomvi wangu unapoanza hasa.

Kilichotuokoa kilikuwa watu

M-Pesa ilianza Machi 2007. Watafiti wawili, William Jack na Tavneet Suri, walifuatilia kaya za Kenya wakitaka kujua nini hutokea msiba ukibisha: ugonjwa, kupoteza kazi, mavuno kuharibika. Matokeo yao yalichapishwa 2014 katika jarida la American Economic Review. Kaya zisizotumia M-Pesa zilipopigwa na janga, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7. Kaya zilizotumia M-Pesa matumizi yao hayakushuka. Kwa nini? Kwa sababu kutuma pesa kulikuwa rahisi na nafuu, na kwa hiyo ndugu na marafiki walituma, nyingi zaidi na kutoka kwa watu wengi zaidi.

Soma tena hapo, ndugu msomaji. Kilichomwokoa Mkenya hakikuwa mkopo. Kilikuwa shilingi 500 za binamu aliye Eldoret na shilingi 1,000 za rafiki wa shule. Rununu ilikuwa barabara tu ya watu kufikiana.

Halafu tukaja sisi na mikopo. M-Shwari iliingia Novemba 2012, na ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. (Anayekopa hivyo kila mwezi, mwaka mzima, analipa asilimia 90.) Baadaye zikafuata programu za kukopesha, moja baada ya nyingine, hadi Banki Kuu ikalazimika kutoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, baada ya miaka ya watu kupigiwa simu za matusi na bosi wao na mama mkwe wao kupigiwa pia. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo ni ovadrafti: salio lisipotosha, mfumo unajaza pengo, unatoza asilimia 1 papo hapo, kisha ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni. Mgala muue na haki umpe: Oktoba 2022 ada za Fuliza zilipunguzwa, na anayekopa si zaidi ya 1,000 akapewa siku tatu bila ada ya siku.

Shida yangu kubwa haiko kwenye ada. Iko kwenye namna deni linavyolipwa. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako, deni la Fuliza hukatwa kwanza, lenyewe, bila kuuliza. Mfumo hauulizi ni pesa ya nani wala ya nini.

Sasa unganisha mambo mawili hayo. Umepoteza kazi. Una deni la Fuliza la 4,000. Mtoto ameshikwa na homa usiku, kaka yako anakutumia 3,000 za hospitali. Zinaingia, na kabla hujamaliza kusoma ujumbe zimemezwa. Unaweza kukopa tena, naam, ikiwa kikomo kinaruhusu, na utatozwa upya. Kaka yako alikuwa amekutumia dawa. Mfumo uliipokea ukaifanya malipo ya deni. Ile barabara ambayo Jack na Suri walionyesha kuwa ndiyo iliyookoa kaya, tumeiwekea kizuizi cha ushuru mwishoni, mlangoni kabisa pa anayeumia.

Mtasema deni ni deni, na dawa ya deni kulipa. Sikatai. Lakini hata sheria ya nchi hii inajua kwamba mtu anayelipa lazima pia ale. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema jumla ya makato ya mwajiri kwenye mshahara isizidi theluthi mbili. Theluthi moja lazima imfikie mfanyakazi. Kama mwajiri haruhusiwi kumeza mshahara wote wa mtu, kwa nini programu iruhusiwe kumeza shilingi zote 3,000 za mtoto mgonjwa? Kuandika mistari ya msimbo inayokata theluthi mbili na kuacha theluthi moja ni kazi ya asubuhi moja. Nimeandika mambo magumu zaidi ya hayo nikiwa na usingizi. Ugumu hauko kwenye msimbo.

Kikomo hupungua unapokihitaji

Kuna neno limeingia vichwani mwetu: "niko na kikomo cha elfu ishirini." Mtu anasema hivyo kwa sauti ileile ambayo baba yake angesema "nina elfu ishirini benki". Kikomo kimekuwa akiba ya akili.

Hebu tufikirie kama waunda programu. Kikomo hukokotolewa kutokana na mwenendo wako: pesa unazoingiza, unavyotumia laini, unavyolipa madeni. Ni picha ya mapato yako ya jana. Basi mapato yakikatika leo, namba hiyo itaelekea wapi? Chini. Inakuwa kubwa wakati huihitaji na kusinyaa wakati unaihitaji. Mwavuli unaojifunga wenyewe mvua ikianza si mwavuli.

Tena ukipakua taarifa yako ya M-Pesa (inapatikana kwa *334# au ndani ya programu yao, huja kama faili ya PDF yenye nenosiri) utaona jambo la ajabu. Fuliza ikijaza pengo, kiasi hicho huandikwa kwenye safu ya pesa zilizoingia. Programu ya bajeti isiyo makini inaisoma kama mapato! Mtu anazama, na mchoro unamwonyesha mapato yamepanda.

Namba moja tu

Basi nini kifanyike? Sina programu ya kuwauzia. Nina namba moja, na lahajedwali lolote linaiweza, hata daftari la shilingi 20. Badala ya kuuliza "mwezi huu nimetumia asilimia ngapi?", uliza: pesa zikiacha kuingia leo, naishi siku ngapi?

Hesabu yake ni hii. Juu, weka pesa unayoweza kuishika mkononi ndani ya siku 3 bila kumwomba mtu ruhusa. Chini, weka gharama ya siku moja ukiwa umeshapunguza kila kinachopunguzika. Gawanya.

Tuchukue mfano wa mtu anayepeleka nyumbani shilingi 70,000. Akipunguza, mwezi wake ni kodi ya nyumba 18,000, chakula 11,000, karo iliyogawanywa kwa mwezi 5,000, umeme, maji na gesi 4,000, nauli na intaneti ya kutafutia kazi 3,000, na mzazi kijijini 4,000. Jumla 45,000, yaani 1,500 kwa siku. (Ndiyo, mzazi nimemweka kwenye mahitaji. Anayekwambia umtoe hajaishi hapa.)

Sasa pesa zake. Ana 3,000 kwenye M-Pesa, 22,000 benki, na 35,000 kwenye mfuko wa soko la fedha. Jumla 60,000. Ana pia amana za SACCO 250,000 na vikomo vya mikopo vya jumla ya 35,000. Kichwani mwake ana 345,000, sawa na siku 230. Anajiona yuko salama.

Lakini amana za SACCO hazitoki kama pesa za benki: ni lazima ujitoe uanachama, usubiri, na kama umewadhamini wenzako husogei mpaka wapate mdhamini mwingine. Nzuri kwa kununua shamba; kwa dharura, andika sifuri. Vikomo vya mikopo, sifuri. Ankara ambayo mteja hajalipa, sifuri, hata kama ameapa kwa jina la Mungu. Zinabaki 60,000 gawanya kwa 1,500: siku 40.

Siku 40 si 230. Tofauti hiyo ya siku 190 ndiyo uongo ambao rununu yake inamwambia kila asubuhi, na ndiyo inayomfanya asaini gari la mkopo mwezi wa tano na kuachishwa kazi mwezi wa saba.

Uzuri wa namba hii ni kwamba inasogea pande zote mbili. Ukiweka 1,500 umenunua siku moja. Ukihamia nyumba ya 15,000 badala ya 18,000, gharama ya siku inashuka hadi 1,400 na siku 40 zinakuwa karibu 43 bila kuongeza shilingi. Na unaona wazi kwamba adui mkubwa si kikombe cha kahawa cha mara mojamoja. Adui ni ahadi ndefu: kodi, mkopo wa miaka minne, michango ya chama usiyoweza kuiacha.

Siku yenyewe ikifika

Ukipata habari mbaya, wiki ya kwanza ndiyo inayoamua. Haya ndiyo ninayowaambia wenzangu wa kazi wanaponipigia.

Kwanza, hesabu siku zako usiku huohuo. Hofu isiyo na namba hukopa. Hofu yenye namba hupanga.

Pili, jua haki yako kabla ya kusaini karatasi. Ukiondolewa kwa sababu kazi imepunguzwa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinakupa ilani ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi, malipo ya siku za likizo ambazo hukuchukua, na fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilisha. Miaka minne ni siku 60, karibu mishahara miwili. Wengi husaini karatasi isiyo na hayo kwa sababu wanatetemeka.

Tatu, wapigie wanaokudai kabla ya tarehe ya kulipa, si baada. Machi 2020 Banki Kuu iliziruhusu benki kuongeza muda wa mikopo ya watu binafsi hadi mwaka mmoja kwa walioathiriwa na korona, lakini mkopaji ndiye aliyepaswa kwenda kuomba. Aliyekaa kimya kwa aibu hakuipata nafuu hiyo.

Nne, kama una deni la ovadrafti kwenye laini yako, waambie jamaa wakutumie kwenye akaunti ya benki au kwa laini ya mkeo au mumeo mpaka utakapolilipa kwa mpango. Huo si utapeli. Deni utalilipa, ila dawa ya mtoto inatangulia.

Tano, usikope ili majirani wasijue. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Waambie watu watatu unaowaamini, mapema. Utafiti ule wa 2014 unasema hao ndio bima yako, na bima isiyojua umeumia haiwezi kulipa.

Kwa wenzangu wa msimbo

Najua mtakalosema: mama mboga hana nafasi ya akiba, na bila mkopo wa asubuhi hafungui kibanda. Kweli kabisa. Mkopo unaonunua nyanya asubuhi na kulipwa jioni ni mtaji, na simlaumu anayeuchukua wala anayeutoa. Ninachopinga ni kuuza mkopo huo kama kinga ya maisha. Mtaji una jioni yake. Kupoteza kazi hakuna jioni inayojulikana.

Basi nawadai mambo matatu. Onyesheni siku kabla ya kuonyesha kikomo, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Msihesabu mkopo kama mapato kwenye mchoro wowote. Na mlio karibu na mifumo ya malipo, acheni theluthi moja ya kila pesa inayoingia imfikie mwenyewe, kama sheria inavyomlazimisha mwajiri.

Na wewe msomaji, usimwachie mtu mwingine kumbukumbu zako. Mint, programu kubwa ya bajeti ya Marekani iliyoanza 2007, mwaka uleule wa M-Pesa, ilifungwa Machi 2024. Hata kifaa cha kukulinda na mabadiliko kinaweza kubadilika. Pakua taarifa zako, ziweke kama faili ya CSV mahali pako, ufanye ile hesabu ya kugawanya mwenyewe.

Kama jibu ni siku 4, sawa, sasa unajua, na kazi yako ya kwanza ni kuifikisha 5. Haya, kazi njema.